Si Kila Tumbo Linalojaa Lina Vidonda

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam, kutoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Tegeta Kibaoni, karatasi za matangazo zimebandikwa moja juu ya nyingine, na nyingi zinaahidi mambo matatu: nguvu za kiume, bawasiri na vidonda vya tumbo. Mawili ya kwanza nawaachia wenye ujuzi nayo. La tatu nalikataa hapa, kwa sababu halijabaki kuwa tangazo tu, limekuwa imani ya jiji zima. Mtu akijaa gesi, ana vidonda. Akiungulia, ana vidonda. Tumbo likimsokota asubuhi ndani ya daladala hadi akashuka kabla ya kituo chake kutafuta choo, jirani atamwambia vidonda vimeamka. Tiba nayo inajulikana hata kwa mtoto wa darasa la tano: acha maharage, acha pilipili, usikae na njaa, punguza mawazo, kunywa maziwa.

Msimamo wangu ni kwamba wengi wa hawa wanaoishi na jina la ugonjwa wa vidonda miaka nenda miaka rudi hawana kidonda. Wana tumbo lisiloweza kumeng'enya chakula fulani, na mara nyingi chakula hicho ndicho wanachopewa kama dawa. Wanatibiwa ugonjwa ambao hakuna aliyeuona, huku kinachowasumbua kinarudi mezani kila kukicha.

Mchukue fundi cherehani yeyote wa Tandika, mwanamke wa miaka arobaini hivi, anayefungua kibanda saa mbili asubuhi. Kabla hajashona hata pindo moja ameshaletewa na mama ntilie kikombe kikubwa cha chai ya maziwa na chapati mbili. Ikifika saa nne kasoro tumbo limetuna, ukanda wa sketi unambana, analegeza kitenge na kuwajibu wateja kwa mkato. Linanguruma mpaka msichana anayemfundisha kazi analisikia. Mchana hagusi maharage, maana alishaambiwa ni mwiko kwa mgonjwa wa vidonda. Usiku kabla ya kulala anakunywa glasi ya maziwa ya moto, kwa kuwa shangazi yake alimhakikishia kwamba maziwa yanafunika kidonda. Anaamka alfajiri kukimbilia choo.

Siku akichoka anakwenda zahanati. Nje kuna foleni hadi barazani. Ndani mazungumzo hayamalizi dakika tatu.

“Dokta, tumbo linanijaa mpaka napumua kwa shida.”

“Panauma wapi? Hapa chembe ya moyo?”

“Pote, dokta.”

Anaandikiwa kipimo. Tone la damu kutoka kidoleni, kijipande cha plastiki, mistari miwili. Anaambiwa ana bakteria wa vidonda, anapewa boksi la dawa za siku 14 na ushauri wa kunywa maziwa kwa wingi. Hakuna aliyemuuliza alikunywa nini asubuhi, wala tumbo huanza kujaa saa ngapi baada ya kula.

Tuanze na ile mistari miwili, kwa sababu hapo ndipo mji mzima unapopotoshwa. Bakteria anayetafutwa ni Helicobacter pylori. Madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, ndio waliomtambua mwaka 1982. Wenzao hawakuwaamini, hata mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wenye bakteria hao na kuugua mwenyewe ili kuwathibitishia. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Kazi yao ilikuwa kubwa kweli. Ilibomoa imani iliyodumu miongo mingi kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na mawazo na pilipili. Sisi mtaani tumempokea bakteria wao, na mawazo na pilipili tukabaki navyo vilevile.

Lakini kuwa na bakteria huyu si sawa na kuwa na kidonda. Tathmini kubwa ya tafiti za dunia nzima iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kwamba barani Afrika watu saba katika kila kumi wanaye. Wengi humpata utotoni na kuzeeka naye. Katika wanaombeba, wanaopata vidonda maishani mwao ni kama mmoja kati ya kumi, pengine zaidi kidogo. Kwa hiyo ukisimama kwenye lango la Uwanja wa Uhuru siku ya mechi na kumtoboa kidole kila anayeingia, utapata umati mkubwa wenye mistari miwili, na wengi wao hawajawahi kuumwa tumbo. Kipimo hicho kikimkuta mwenye gesi ndipo kinageuzwa ushahidi wa kidonda. Si ushahidi wa kidonda hata kidogo.

Kuna baya zaidi. Kipimo hicho cha damu hakimtafuti bakteria mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi yake, na askari hao hubaki kwenye damu miezi na hata miaka baada ya bakteria kuondoka. Mgonjwa anamaliza dozi, anarudi baada ya miezi sita tumbo likiwa vilevile, anapimwa tena, mistari inatokea tena. Anaambiwa vidonda vyake ni sugu. Anapewa boksi jingine. Nawafahamu watu waliokunywa maboksi kwa namna hiyo hadi wamezoea ladha ya chuma inayoletwa na dawa hizo mdomoni. Antibayotiki hizo si peremende. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, wameshawakuta wagonjwa wenye Helicobacter aliyebadilika na kuwa sugu kwa klarithromaisini, mojawapo ya dawa kuu za boksi hilo. Kila dozi inayotolewa kwa asiyeihitaji inamharibia dawa yule ambaye kweli ana kidonda kinachovuja damu.

Nitajibiwa: mbona wanapata nafuu? Wanapata, na nafuu hiyo ina maelezo. Katika siku 14 za dozi mtu huyo ameacha maharage, ameacha soda, pengine ameacha pombe. Antibayotiki nazo hazichagui, zinawapunguza pia wale bakteria wa utumbo mpana wanaozalisha gesi, na kwa wiki chache tumbo hutulia. Bakteria wanaporudi, gesi inarudi. Kuhusu omeprazo, dawa ya kuzuia asidi inayomezwa kila siku kwa miaka, watafiti wa Denmaki walionesha jambo la kutia wasiwasi mwaka 2009. Waliwapa watu wazima wenye afya njema, wasio na tatizo lolote la tumbo, dawa ya jamii hiyo kwa wiki nane, kisha wakaisimamisha. Asilimia 44 walianza kupata kiungulia na maumivu ambayo hawakuwa nayo mwanzo, dhidi ya asilimia 15 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tumbo lililozuiwa asidi kwa muda mrefu huitoa kwa wingi dawa ikikatizwa. Mgonjwa anahisi moto, anasema vidonda vimerudi, anakimbia duka la dawa. Hapo dawa yenyewe imemtengenezea ushahidi wa ugonjwa asiokuwa nao.

Sasa maziwa. Ushauri wa kumnywesha mwenye vidonda maziwa haukutoka kwa bibi zetu. Uliandikwa Chicago mwaka 1915 na daktari Bertram Sippy, aliyewapa wagonjwa wake maziwa na krimu kila saa, na hospitali za dunia zikamfuata kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walipima asidi ya tumbo baada ya watu kunywa maziwa, wakakuta maziwa yanalichochea tumbo kutoa asidi zaidi, kwa wenye vidonda na wasio navyo. Yanatuliza kwa muda mfupi kisha yanaongeza. Huko yalikotoka, ushauri huo umeachwa. Huku kwetu bado unatolewa na watu waliovaa koti jeupe.

Na hapa petu una madhara ambayo hayawapati sana watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Sukari ya maziwa, laktosi, haiwezi kupita kwenye ukuta wa utumbo mpaka ikatwe vipande viwili na kimeng'enya kiitwacho laktasi. Mtoto mchanga anacho kwa wingi, ndiyo maana anaishi kwa maziwa ya mama yenye laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe. Baada ya kuachishwa ziwa, kwa watu wengi duniani kimeng'enya hiki hupungua mwaka hadi mwaka. Laktosi isiyokatwa inateremka mpaka utumbo mpana ikivuta maji njiani, na huko bakteria wanaichachusha na kutoa gesi. Kutuna, kuunguruma, kujamba, kuharisha, baada ya nusu saa mpaka saa mbili hivi. Huyo ndiye fundi wetu wa Tandika, saa nne kasoro.

Wala hili si jambo la Wazungu lililoletwa na intaneti. Limechunguzwa hapahapa Afrika Mashariki tangu mwaka 1966, pale G. C. Cook na S. K. Kajubi walipochapisha kwenye jarida la Lancet utafiti walioufanya Kampala. Walikuta kwamba Baganda wengi na Wabantu wengine waliowapima walikuwa na upungufu wa laktasi, wakati Watutsi na Wahima, watu wa ng'ombe, wengi wao walikuwa nayo. Miaka arobaini baadaye Sarah Tishkoff wa Marekani, akishirikiana na wanasayansi wa Afrika akiwemo Thomas Nyambo wa chuo cha tiba cha Muhimbili, walizunguka Tanzania, Kenya na Sudan wakiwanywesha watu wa makabila 43 maji yenye laktosi nyingi na kuwapima sukari ya damu kidoleni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Walikuta badiliko la kijeni linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa, lililozuka huku Afrika Mashariki kati ya miaka 3,000 na 7,000 hivi iliyopita, tofauti kabisa na lile la Ulaya, na lililoenea zaidi kwa jamii za wafugaji. Nyambo alikuwa mwalimu hapa Upanga, mwendo mfupi wa daladala kutoka kwa fundi wetu. Ujuzi huu tunao. Haujafika tu kwenye chumba cha daktari wa Mbagala.

Kwa hiyo anayenipinga kwa kusema “Wamaasai wanakunywa maziwa tangu asubuhi mpaka usiku na hawaumwi” amesema kweli, na ameithibitisha hoja yangu. Wamaasai wengi wamerithi badiliko hilo. Mndengereko wa Kongowe, Mzaramo wa Chamazi na Mmakonde wa Yombo wana uwezekano mdogo zaidi wa kuwa nalo, kwa sababu nchi za mababu zao zilikuwa za mbung'o, na ng'ombe hawakudumu. Tazama chakula cha pwani: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kisamvu cha tui, maharage ya nazi. Tui la nazi halina laktosi hata chembe. Watu wa pwani walikula vizuri karne nyingi bila maziwa ya ng'ombe, leo wanaambiwa dawa ya tumbo ni lita za maziwa. Lakini kabila peke yake si kipimo. Dar es Salaam imechanganya damu, na ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Ndiyo sababu kila mtu achunguze tumbo lake.

Mwingine atasema alikunywa maziwa utoto wake wote na hakudhurika. Kimeng'enya hupungua polepole, mwingine huanza kuona dalili akiwa na miaka ishirini au thelathini. Tena kuna wanaopungukiwa kwa muda tu, baada ya kuharisha sana au kuugua vimelea vya utumbo viitwavyo jiadia, kisha wakarudi kawaida utumbo ukipona.

Hoja nzito kuliko zote ni ya watu wa lishe, nami siipuuzi. Kila mwaka kwenye Wiki ya Maziwa tunakumbushwa kwamba Mtanzania anakunywa maziwa machache mno kuliko lita 200 kwa mwaka zinazopendekezwa. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi ya namna hiyo, kumwambia mtu aache chakula ni jambo zito. Nasema basi kwa uwazi: mtoto mdogo asinyang'anywe maziwa kwa sababu ya makala haya. Na mtu mzima mwenye upungufu wa laktasi hana sababu ya kuyaacha yote. Wengi wao huhimili kiasi cha gramu 12 za laktosi kwa mkupuo, ambacho ni kama kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mtindi na maziwa mgando hayamsumbui mtu sana, kwa kuwa bakteria wa kugandisha wameshakula sehemu ya laktosi na wanaendelea kusaidia kuikata tumboni. Anayehofia mifupa yake ana dagaa, wanaoliwa na miiba yao yote, na wanauzwa kila genge. Ya kuchunguza sana ni maziwa ya unga. Zaidi ya theluthi ya uzito wake ni laktosi, na vijiko vitatu vinavyokorogwa kwenye chai ya kibanda havionekani kuwa maziwa mengi.

Maziwa si mtuhumiwa pekee, ingawa kwangu ndiye wa kwanza kuitwa. Maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi ambazo hakuna binadamu mwenye kimeng'enya cha kuzikata, awe Mmaasai au Mzaramo. Hapa imani ya vidonda hujithibitisha kwa hila. Daktari anamkataza mgonjwa maharage, gesi inapungua, wote wawili wanasema unaona, ni vidonda. Kupungua huko hakusemi lolote juu ya kidonda, kunasema gesi ilitoka kwenye maharage. Mwanamke anayelea watoto wanne kwa ugali na maharage hawezi kuyaacha maisha yake yote, wala hahitaji. Aloweke usiku kucha, amwage maji ya kuloweka, achemshe, amwage na maji ya mchemsho wa kwanza, kisha aunge. Sehemu kubwa ya sukari hizo inakwenda na maji. Mama zetu waliloweka kwa sababu ya kuokoa mkaa. Sisi wenye presha kuka tumeacha kuloweka, tunapika makavu kwa dakika arobaini, na sukari zote zinabaki sufuriani.

Ngano nayo, vitunguu maji na vitunguu saumu vina fruktani, sukari nyingine inayochachuka utumbo mpana. Chuo Kikuu cha Monash huko Melbourne kimefanya kazi tangu mwaka 2005 kuzikusanya sukari hizi zote chini ya jina la kifupi FODMAP, na lishe inayozipunguza kwa muda imewasaidia wengi wenye matumbo yanayojaa na kusokota. Embe nalo limo kwenye orodha yao. Kifungua kinywa cha Dar es Salaam, yaani chai ya maziwa, chapati au mandazi na pengine bakuli la maharage, kinabeba sukari kadhaa zilizomo kwenye orodha hiyo. Anayekula hivyo kila siku na kujaa kila siku, kisha akaandikiwa dawa ya asidi, hajatibiwa.

Niwe wa haki kwa madaktari. Daktari wa zahanati hana mashine ya kamera ya kuangalia ndani ya tumbo, na rufaa ya Muhimbili ina foleni na gharama. Kipimo cha pumzi kinachoonesha laktosi isiyomeng'enywa si kitu utakachokikuta kwenye zahanati ya Toangoma. Lakini swali halina foleni. Kidonda cha kweli mara nyingi huchoma sehemu moja, juu ya kitovu, mtu akiwa na njaa au usiku wa manane. Tumbo linalokataa chakula hujaa lote, huanza baada ya kula, na hutulia baada ya choo au upepo kutoka. Tofauti hizo hazitoshi kwa kila mgonjwa, ila zinatosha kumfanya daktari asite kabla ya kuandika boksi. Hata huko wanakopigwa kamera kwa wingi duniani, wengi wa wanaolalamikia tumbo la juu hawakutwi na kidonda.

Nisichowasamehe ni wale wanaoingia kwenye pengo hilo kwa biashara. Mtu anashikishwa chuma mkononi, kompyuta inatoa kurasa nyingi za hali ya ini, figo na mzio wa vyakula, mwisho anauziwa makopo ya virutubisho. Chuma cha mkononi hakiwezi kujua unachomeng'enya. Wenye fedha zaidi wanapelekwa kwenye vipimo vya damu vya aina ya IgG vinavyotoa orodha ya vyakula thelathini vya kuacha. Jumuiya ya madaktari wa mzio ya Ulaya ilivikataa vipimo hivyo mwaka 2008, ya Marekani mwaka 2010 na ya Kanada mwaka 2012, kwa sababu askari hao wa IgG wanaonesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho. Wanaotoka huko na orodha ndefu wanaanza kuogopa sahani. Na mzio wa kweli, ule wa midomo kuvimba, vipele na pumzi kukata mara tu baada ya kula karanga au kamba, ni jambo jingine kabisa. Unaweza kuua, na unahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo kinachofaa kinahitaji daftari la shule na subira. Wiki moja andika kila unachokula na kunywa pamoja na saa yake, na tumbo lilifanya nini baadaye. Usibadili chochote wiki hiyo. Kisha ondoa kitu kimoja, maziwa yote pamoja na ya unga, kwa wiki mbili kamili. Tumbo likitulia, siku ya mapumziko, ukiwa nyumbani karibu na choo, kunywa glasi ya maziwa peke yake tumbo likiwa tupu, ukae. Dalili zikirudi, umejua. Zisiporudi, rudisha maziwa mezani, endelea na ngano. Usiondoe vitu vitano kwa pamoja, hutajua kipi kilikuwa kipi, na utadhoofika bure. Ukishakipata, tafuta kiasi unachohimili, maana shabaha ni kula vingi iwezekanavyo.

Wapo wasiotakiwa kuanza na daftari. Anayetoa choo cheusi kama lami au chenye damu, anayetapika damu, anayepungua uzito bila kujua sababu, anayekwamwa na chakula kooni, aliyepungukiwa damu, na aliyevuka miaka hamsini ambaye tumbo limeanza kumsumbua karibuni, aende hospitali ya rufaa, Temeke au Mwananyamala, adai kuchunguzwa. Ukanda wetu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, na wagonjwa wanafika kwenye taasisi ya saratani ya Ocean Road wakiwa wamechelewa, baadhi yao baada ya muda mrefu wa kutibiwa vidonda. Nao wanaomeza diklofenaki kila jioni kwa maumivu ya mgongo, mara nyingine bila kula, wajue kwamba dawa hiyo na ndugu zake kama ibuprofeni na aspirini hutoboa tumbo kweli. Jiji linaogopa pilipili na linanunua diklofenaki kwa vidonge vitatu vitatu bila cheti. Hapo vidonda halisi vinatengenezwa, na hakuna karatasi ya nguzoni inayosema hivyo.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na waganga wakuu wa wilaya za Kinondoni na Temeke ni moja. Zuieni kipimo cha damu cha Helicobacter kutumika kama uthibitisho wa vidonda kwenye zahanati na maduka ya dawa, na pale bakteria anapohitaji kutafutwa, kipimo cha choo kipatikane mpaka ngazi ya kituo cha afya. Na wewe unayekwenda kliniki wiki hii kwa ajili ya tumbo, beba daftari lako. Kabla hujatoboa kidole, mwambie daktari unakula nini asubuhi na tumbo linaanza saa ngapi. Akikuambia unywe maziwa kwa wingi, muulize kwa heshima amejuaje kwamba mwili wako unayameng'enya.